Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nyumba, shamba na maisha ya kijijini

Majibu haya hayatoki ofisi ya makumbusho. Yanatoka kwa mtu ambaye kila likizo ikifika ndugu humwachia watoto awatembeze, na walimu wa mtaani humwomba awasindikize wanafunzi. Maswali ni yale yale, nikaona niyajibu kwa pamoja. Usilazimike kusoma yote; ruka hadi lile lililokuleta.

Kijiji cha Makumbusho ni kitu gani hasa?

Ni makumbusho ya wazi. Badala ya vitu kupangwa kwenye makabati ya vioo, zimesimamishwa nyumba nzima nzima za jamii mbalimbali za Tanzania, na vyombo vyake ndani na vijishamba pembeni. Kilianzishwa katikati ya miaka ya 1960, Uhuru ukiwa bado mbichi, na kiko chini ya Makumbusho ya Taifa la Tanzania, sawa na ile Nyumba ya Utamaduni iliyopo mjini, Mtaa wa Shaaban Robert.

Mfano mashuhuri wa makumbusho ya namna hii ni wa Uswidi. Mwaka 1891, Artur Hazelius alifungua Skansen mjini Stockholm na kuhamishia pale nyumba za wakulima kutoka pande zote za nchi, kwa sababu viwanda vilikuwa vinayafuta maisha yale. Waswidi walikuwa wanawahifadhi wakulima wanaokwisha. Sisi tulijenga nyumba za wakulima wakati karibu nchi nzima ni wakulima, na mpaka leo Watanzania wengi bado wanaishi vijijini. Ndiyo maana mgeni wa kwetu akiingia pale haishi kusema "hiki hata kwa bibi kipo". Ni kweli, kipo.

Kiko wapi, na nitafikaje?

Kando ya Barabara ya Bagamoyo, Kijitonyama, yapata kilomita 10 kutoka katikati ya jiji. Panda daladala yoyote inayoishia Makumbusho. Stendi na eneo zima vimepata jina kutokana na kijiji hiki, lakini nadhani kati ya wanaoshuka pale kila siku ni wachache sana waliowahi kuvuka geti lake.

Kiingilio ni kiasi gani?

Viwango hubadilika, kwa hiyo ulizia kabla ya kwenda. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni kutoka nje, na mwanafunzi hulipa kidogo zaidi. Mkiwa kundi la shule, mwalimu apeleke barua mapema. Itawapunguzia kusimama juani pale getini.

Nikishaingia, nianzie wapi?

Anza na paa. Watu wengi huingia, hupiga picha mlangoni mwa nyumba ya kabila lao, hucheka kidogo na wenzao wa utani, wakatoka. Nusu saa imekwisha, na hawajaona kitu. Ushauri wangu ni kwamba mbele ya kila nyumba ujiulize kwanza: hawa walikuwa wanalima nini, na mvua yao ilikuwaje? Nyumba ya kijijini ilitokana na shamba. Penye nyasi ndefu waliezeka kwa nyasi, penye migomba waliitumia migomba, pasipo na chochote waliezeka kwa udongo. Umbo, urefu wa mlango, mahali pa kulala ng'ombe, mahali pa kuweka chakula, vyote vinajibu swali la shamba. Ukiyazoea macho hayo, utatembea pale saa tatu bila kuchoka.

Mbona nyumba ya Wagogo ni fupi na paa lake ni bapa?

Hilo ni tembe, na ndiyo nyumba ninayoipenda kuliko zote pale ingawa wageni wengi huipita. Ugogo hupata mvua msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Nyasi za kuezekea ni za shida. Kwa hiyo zinasimamishwa nguzo, zinalazwa boriti na fito, kisha juu yake unashindiliwa udongo. Paa la udongo lingeyeyuka kule Bukoba, Dodoma linadumu.

Inama uingie. Macho yakishazoea giza, angalia jinsi joto la nje lilivyobaki nje. Toka tena ulitazame paa: ni bapa, na juu yake mtama na uwele ulianikwa baada ya mavuno, mbali na mbuzi. Tembe kubwa lilizunguka ua, na ng'ombe walilala humo ndani ya ua huku watu wamewazingira. Paa la udongo pia halishiki moto, jambo lililokuwa na maana yake enzi za kuvamiana.

Na hapa usisahau njaa. Wagogo wana jina kwa njaa kubwa iliyokuja mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza: Mtunya. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, mifugo na wapagazi, kisha mvua ikakosekana. Kila kihenge cha chakula utakachokiona pale kilijengwa na mtu aliyewahi kusikia habari za mwaka kama ule. Mahindi yalikuja na kupendwa, lakini kwa Dodoma mahindi ni kamari. Mtama na uwele ndivyo vilivyowavusha watu.

Kweli Wachagga walilala na ng'ombe ndani?

Kweli, na walikuwa na hesabu yao. Mlima Kilimanjaro una watu wengi na ardhi finyu. Hakuna mbuga ya kuchungia. Ng'ombe alifungwa ndani, akaletewa majani na vigogo vya migomba, na samadi yake ikarudi shambani. Moto wa katikati ya nyumba ulimpa joto mtu na mnyama, na moshi wake ulipanda darini ambako ulezi na ndizi za kukausha zilihifadhiwa, ukafukuza wadudu na kuikausha nyasi ya paa isioze. Anayeona uchafu tu pale hajawahi kuona mahindi yake yakiliwa na dumuzi.

Nyumba hiyo huielewi bila kihamba. Kihamba ni shamba linaloizunguka nyumba: juu miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi, maharage na mboga. Maji yaliletwa na mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa kwa mkono kutoka kwenye mabonde ya juu, ikapindapinda na mlima kwa zamu na kanuni zinazojulikana. Mwaka 2011, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Mtu wa Moshi hakushangaa. Alishangaa kwamba imewachukua muda wote huo.

Kahawa iliingia na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na wakulima wakaikumbatia kiasi cha kuwatia wasiwasi masetla. Mwaka 1925 walianzisha chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha kwanza cha ushirika Tanganyika. Hayo yote yalitoka kwenye kibustani kinachoanzia mlangoni mwa nyumba ile.

Na ule msonge wa Wahaya?

Ni nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, kwa sababu kule Ziwa Victoria, upande wa magharibi, mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Shamba lake ni kibanja: migomba ya kudumu, iliyochanganywa na buni na maharage. Nje ya kibanja kuna rweya, uwanda wa nyasi ambako ng'ombe walichungwa na nyasi za kutandika zilikatwa.

Hapa watu wengi hudhani mgomba unajiotea. Udongo wa Buhaya si wa ajabu. Kibanja kilitengenezwa na samadi, vizazi kwa vizazi. Ndiyo maana sotoka ilipopita Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuua ng'ombe karibu wote, haikuua maziwa na nyama peke yake. Mwenye ng'ombe aliyebaki bila ng'ombe aliuona mgomba wake ukipungua mkungu mwaka hadi mwaka. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na sidhani kama kuna aliyepiga vigelegele, kwa kuwa vijana hawaijui. Muulize mzee mfugaji.

Nitaona zana gani za kilimo?

Majembe, shoka, mundu, nyungo, vinu na michi, mawe ya kusagia, vibuyu, vilindo vya magome ya mti. Usipite haraka penye majembe. Jembe jipya ni pana. Lililotumika miaka mingi hulika taratibu pembeni na kwenye ncha hadi kubaki kama kiganja cha mtoto. Angalia upande mmoja ulivyolika kuliko mwingine: utajua aliyelishika alikuwa anavuta kuelekea wapi.

Kabla ya majembe ya Ulaya kuja kwa meli, na muda mrefu kabla ya jembe la UFI la Ubungo ambalo kila Mtanzania wa umri wangu amelishika, chuma kilifuliwa humu humu. Wafipa walikuwa mabingwa. Walijenga tanuri refu la udongo liitwalo ilungu, wengi wakisema malungu, lenye matundu chini ya kuingiza hewa yenyewe bila mivukuto, wakalijaza mawe ya chuma na mkaa. Kilichotoka kilisafishwa tena kwenye tanuri dogo, ndipo mhunzi akafua. Kazi hiyo ilikuwa na miiko mingi: mfua chuma alijitenga na mkewe siku za kuyeyusha, na dawa zikawekwa chini ya tanuri. Jembe lililopatikana kwa taabu namna hiyo halikuwa la kulimia tu. Lilitolewa mahari, lililipa faini, lilisafiri hadi masoko ya mbali. Mabaki ya malungu bado yamesimama Ufipa. Ukipita njia ya Sumbawanga, ulizia.

Kwa nini hakuna trekta?

Kwa sababu kijiji kinaonyesha maisha ya kabla yake, na kwa sababu wakulima wengi wa nchi hii walivuka kutoka jembe la mkono hadi plau ya maksai bila kulipanda trekta. Kuna pia waliolikodi siku moja kwa mwaka. Trekta la serikali lililoharibika kando ya ofisi ya kijiji lingefaa sana kuwekwa pale, lakini hilo ni langu.

Nani alilima, mwanamume au mwanamke?

Swali zuri, na nyumba hazilijibu vya kutosha. Utaona kinu, hutaona saa ngapi alizosimama aliyetwanga. Kwa jumla, wanaume walikata miti, walichoma, walijenga, walishughulika na ng'ombe. Wanawake walipanda, walipalilia, walivuna, walibeba, walipura, walipeta, walitwanga, kisha wakapika. Ardhi yenyewe sehemu nyingi ilihesabika kwa ukoo wa mume.

Mfano mmoja ulio wazi ni ngolo za Wamatengo wa Mbinga, kule Ruvuma. Ni kilimo cha vishimo kwenye miteremko mikali, na hukioni popote pengine namna ile. Mwisho wa mvua wanaume hufyeka nyasi, wakazilaza mistari mistari ikikatana kama miraba. Halafu wanawake huingia na jembe: wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya nyasi. Panapochimbwa pakawa shimo, penye nyasi pakawa tuta. Maharage hupandwa juu ya tuta, na msimu unaofuata mahindi. Mvua ikipiga, maji hutulia kwenye mashimo badala ya kuuchukua mlima, na nyasi zilizozikwa huoza zikawa mbolea. Mtu akiusifu ujuzi huo, amkumbuke aliyeinama kuanzia asubuhi na mtoto mgongoni.

Mbona sioni habari za mkonge, pamba na mashamba makubwa?

Hamjakosea, pale hamtaziona sana. Kijiji kinaeleza kaya, si shamba la mzungu. Ila huwezi kuielewa kaya ya karne ya 20 bila shamba hilo, kwa hiyo huwa nawasimulia wanafunzi tukiwa tumekaa kivulini.

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche ilitoka Florida, ikapita Hamburg, na mingi ikafa njiani. Iliyofika hai pwani ya Tanga ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 ikaja bahari ya mkonge kuanzia Tanga na Korogwe hadi Kilosa, na manamba waliosombwa kutoka Kigoma, Songea, Iringa na nchi jirani kwenda kuukata. Miaka ya mwanzo ya 1960 Tanganyika iliongoza duniani kwa katani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni. Nyumba ngapi kati ya hizi za Kijiji cha Makumbusho zilibaki na mama na watoto tu kwa sababu baba ameenda manamba? Hakuna kibao kinachosema.

Pamba ina damu. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliingia kwenye shamba la pamba walilolazimishwa kulilima wakaing'oa. Hivyo ndivyo Vita vya Majimaji vilivyoanza. Wajerumani walijibu kwa kuchoma mashamba na maghala, na waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Wanafunzi hujua maji ya Kinjikitile. Nikiwaambia kwamba vita vilianza kwa kung'oa miche, hunyamaza kidogo. Ni jambo wanaloliweza hata wao.

Halafu kuna mradi wa karanga, ambao kwa mtazamo wangu ungestahili makumbusho ya peke yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula. Serikali ya waziri mkuu wao Attlee ikaamua kulima zaidi ya ekari milioni 3 za karanga, sehemu kubwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta ya mabaki ya vita yakaletwa, yakakutana na kichaka cha Kongwa, mibuyu, na udongo ambao kiangazi hukauka ukawa kama sakafu, ukazivunja plau na kugoma kuzitoa karanga. Wagogo waliokuwa wanatazama walijua mvua ya pale ni ya mtama. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na pauni milioni 36 zikapotea. Kilichobaki ni bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea, na reli ambayo baadaye iling'olewa. Kongwa yenyewe ikaja kuwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Rudi kwenye tembe la Wagogo ukishaisikia habari hii. Utaliona kwa macho mengine.

Je, Ujamaa na vijiji vyake vimo?

Hapa pana jambo ambalo huwa linanichekesha kidogo. Kijiji cha Makumbusho kimekusanya pamoja nyumba ambazo kwao hazikukaa kijijini kabisa. Mchagga alikaa kihambani kwake, Mhaya kibanjani kwake, Mgogo kwenye tembe lake lililo mbali na la jirani. Nyumba kusimama moja karibu na nyingine, zikitenganishwa na vijia, ni mpango wa makumbusho.

Lakini miaka michache baadaye nchi ilifanya hivyo hivyo kwa watu walio hai. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na kuanzia 1973 Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni kutoka kaya zilizotawanyika hadi vijiji vya nyumba zilizopangwa mistari. Sheria ya 1975 ikavipa vijiji hivyo sura ya kiserikali. Shule, zahanati na bomba vilifika karibu, hilo halina ubishi. Mashamba yakawa mbali, samadi ikabaki zizi la zamani, na kule Ugogo matembe mengi yakaachwa yakamomonyoka. Uchagga na Buhaya hawakuguswa sana, kwa sababu huwezi kuuhamisha mgomba wa miaka 50. Mimi sisemi sera ilikuwa mbaya au nzuri. Wazazi wangu wenyewe walibishana mpaka mwisho. Nasema kwamba nyumba kadhaa unazoziona pale zimeihifadhi namna ya kuishi iliyovunjwa wakati zenyewe zikiwa bado mpya.

Ukitaka upande wa siasa, nenda Makumbusho ya Azimio la Arusha, kwenye jengo lile lile ambamo mkutano wa 1967 ulifanyika.

Watoto wangu wamezaliwa mjini. Hawatachoka?

Watachoka ukiwasomea vibao. Hawatachoka ukiwauliza mambo. Waambie watafute mahali pa kuku kulala. Waulize chumvi ingewekwa wapi isilowe. Waeleze habari za dungu, ule ulingo wa shambani ambako watoto wa umri wao walishinda wakiamia ndege, na kwamba kwelea kwelea wakishuka kwenye mtama wa baba huku umesinzia, jioni ilikuwa yako. Hilo la mwisho huwaamsha wote. Kukiwa na mtu wa kuwaonyesha kutwanga, waache wajaribu. Baada ya dakika chache mtoto anayetupa ugali huwa na adabu mpya.

Wafundishe pia kusalimu. Mafundi na wachongaji wanaofanya kazi mle ni watu wazima, na "shikamoo" moja hufungua hadithi ambazo haziko kwenye kibao chochote.

Ngoma zinachezwa lini?

Mara nyingi alasiri, na zaidi mwisho wa wiki. Ratiba si msahafu, ulizia kabla. Kuna pia siku maalumu za utamaduni ambapo jamii moja huja na vyakula, ngoma na vyombo vyake. Hizo ndizo bora, maana wazee wenyewe huwa wapo na wanakosoana hadharani.

Ngoma nyingi unazoziona jukwaani zilikuwa kazi. Bugobogobo ya Wasukuma huchezwa na majembe mkononi kwa sababu ilitoka shambani: kundi la vijana linalima ngwe ya mtu, mpigaji ngoma anawatangulia, jembe linapanda na kushuka pamoja. Anayechelewa anaonekana. Jukwaani majembe hurushwa hewani, watu hupiga makofi. Shambani lilikuwa linaingia ardhini, na eka nzima ilikwisha kabla jua halijawa kali.

Niko Mwanza, Songea au nje ya Tanzania. Kuna pa kwenda?

Kwa Mwanza, nenda Bujora, karibu na Kisesa, njia ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma pale yalisimamishwa kwa juhudi za wenyeji na padri Mkanada, David Clement, na kwa kilimo na ngoma yanaipita Dar es Salaam. Ukiweza, nenda kuanzia Juni, baada ya mavuno, msimu wa mashindano ya Bagika na Bagalu, pande mbili za ngoma za Wasukuma. Watu huchagua upande na kuushika maisha yote kuliko timu ya mpira.

Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, mahali wanapokumbukwa viongozi wa Wangoni walionyongwa 27 Februari 1906. Kaskazini, aliye na miguu imara aende Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa: mabaki ya mifereji na matuta ya mawe ya wakulima walioimwagilia nchi kame kwa karne kadhaa, wakaondoka yapata miaka 300 iliyopita. Hakuna nyumba ya maonyesho inayolingana na kusimama juu ya mfereji ule.

Nairobi kuna Bomas, ambako nyumba za jamii za Kenya zimejengwa kwa mtindo unaofanana na wa Dar es Salaam. Rwanda, kule Nyanza, kuna ikulu ya mfalme iliyojengwa upya kwa nyasi, na ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu ambao bado huimbiwa mashairi.

Kwani maonyesho ya Nane Nane hayatoshi?

Nane Nane inakuonyesha mbegu mpya, powatila na ng'ombe wa maziwa. Nenda. Huko utajua cha kufanya mwakani. Historia ni habari nyingine.

Naruhusiwa kupiga picha?

Za kumbukumbu, kwa kawaida ndiyo. Kwa kamera kubwa, video za muziki au harusi, omba kibali na ulipie. Mtu akiwa anafanya kazi yake, mwombe kwanza.

Baadhi ya nyumba nilizikuta zimechakaa. Kwa nini?

Kwa sababu ni nyasi, miti na udongo, na Dar es Salaam ina joto, mvua na mchwa. Kule zilikotoka, nyumba ya nyasi iliezekwa upya kila baada ya miaka, na jirani wote walikuja kwa sababu kulikuwa na pombe na zamu yao ingefika. Mjini jirani hao hawapo, kuna bajeti. Pia nyasi zenyewe na watu wanaojua kuziezeka wanazidi kuwa adimu. Ukikuta fundi yuko juu ya paa siku hiyo, umebahatika. Acha mengine yote, simama umtazame.

Nina jembe la babu na kibuyu cha bibi. Makumbusho yatavipokea?

Uliza kwa maandishi kwanza, usibebe tu. Makumbusho hayawezi kupokea kila kinu cha nchi hii, na kitu kisicho na habari zake huishia stoo. Kwa hiyo kabla hujaandika, kaa na mkubwa yeyote aliyebaki kwenye familia ukiwa na daftari. Andika kitu kinaitwaje kwa kilugha chenu, kilitoka kijiji gani, nani alikitengeneza au kilinunuliwa soko gani, nani alikitumia, kwa zao gani na mwezi gani. Kama kilitengenezwa upya, andika ni sehemu ipi na kwa nini. Kipige picha pande zote, na nyingine kikiwa mkononi mwa mtu anayejua kukishika. Usikisugue wala kukipaka mafuta. Masizi na udongo uliogandia navyo ni habari. Wakikataa kukipokea, weka daftari na kitu pamoja mahali pakavu, juu kidogo, mchwa wasikifikie.